Nilipoacha Kutuma Salamu

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe na kila mtu aliyefika hapa leo kwa miguu yake mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu ipo asubuhi moja ambayo nilitoka nyumbani kwa miguu yangu na sikutegemea kurudi nayo. Nilirudi. Nimesimama mbele yenu, nina pumzi, na nimekuja kueleza jinsi Bwana alivyonitoa.

Wengi wenu mnanijua kama yule Mnyakyusa anayeuza uji na viazi pamoja na Mama Luka, pale malori ya mbao yanaposimama. Jina langu ni Tumpe. Mama Luka mwenyewe amekaa pale nyuma, na asubuhi ya leo aliniambia nisimtaje. Nitamtaja. Tunaye pia mwenzetu wa tatu, Perpetua, ambaye hayupo leo maana yeye ni Mkatoliki na kwao ni mbali, upande wa Tosamaganga. Siwezi kumshukuru Mungu nikawaruka hao wawili. Nilikuwa nimeomba malaika, akanitumia wao.

Mimi nilizaliwa milimani Rungwe. Nilipoolewa, mume wangu alisikia kwamba mashamba ya chai ya Mufindi yanataka watu, tukafunga vitu vyetu tukaja. Yeye aliwekwa kwenye kukata kuni za kukaushia chai, mimi nikawekwa kiwandani, chumba cha kuchambua. Chai ikishakauka hubaki na vijiti vyekundu ndani yake. Kazi yetu wanawake ilikuwa kukaa mezani na kuvitoa kwa vidole, kimoja kimoja, tangu asubuhi mpaka jioni. Vumbi la chai liliingia puani, likakaa kwenye kope, na ukipiga chafya kitambaa kilikuwa kama kimefutia sufuria. Lakini ilikuwa kazi, na tuliipenda.

Hatukukaa sana, mti ukamwangukia mume wangu huko kwenye kuni. Hatukuwa tumepata mtoto. Kampuni ikaniachia chumba changu kwa kuwa nilikuwa bado mfanyakazi, na mimi nikaendelea kukaa kwenye meza ile ile, kwa sababu sikujua pa kwenda na huzuni yangu.

Meza yetu tulikuwa watatu. Perpetua alikuwa Mhehe, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye watoto wengi na maneno mengi. Mama Luka, Mbena, alikuwa ametuzidi umri, na maneno yake ni machache hata leo, ninyi wenyewe mashahidi. Mume wangu alipokufa, hawa wawili ndio walioniogesha, ndio walionilisha. Watoto wa Perpetua waliniita mama mdogo. Walipokuwa wakiumwa, waliletwa chumbani kwangu walale, mama yao apate kupumzika. Naomba mlikumbuke hilo, ndugu zangu, maana baadaye nilikuja kushtakiwa jambo ambalo halifanani na hilo hata kidogo.

Siku moja ikaja mashine. Tuliiona ikishushwa, imefungwa maturubai, wanaume wanaivuta kwa magogo. Hakuna aliyetuambia ni ya nini. Ikawekwa kwenye chumba cha pili, tukaisikia ikitetemeka ukutani, na nyapara wetu akawa hatutazami usoni. Wiki ile sikulala vizuri. Kila mlango ulipofunguliwa, meza nzima ilinyamaza. Hata Perpetua alinyamaza.

Kisha asubuhi moja nyapara akasimama mlangoni na kusema atasoma majina ya wanaobaki. Alisoma. Meza yetu hakusoma hata jina moja.

"Kazi imekwisha, mama zangu," akasema. "Si makosa yenu. Mashine inatoa vijiti peke yake."

Na nyumba zilikuwa za kampuni, kwa hiyo kazi ilipokwisha na nyumba ilikwisha. Tulifunga vyungu vyetu, tukatembea hadi njia panda, na pale tukakaa juu ya mizigo tukilia kama watu waliofiwa. Perpetua alikuwa anarudi kwao, kwa mume wake aliyekuwa ametangulia kulima. Mama Luka alisema atabaki Mafinga, awapikie watu wa viwanda vya mbao. Mimi nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu duniani, Asegelile, aliyekuwa amehamia Uyole kutafuta shamba.

Hakuna kati yetu aliyejua kuandika. Mama Luka akasema, "Malori yote yatapita mlangoni kwangu, ya Iringa na ya Mbeya. Kila mtu alete neno kwangu, hata kama ni kusema hujambo tu. Mimi nitampelekea mwenzake. Nikikosa neno la mtu, nitamuuliza yuko wapi."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu. Hatukula kiapo wala nini. Tulipeana mikono, tukaachana.

Asegelile alinipokea vizuri. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, na alinijengea kibanda nyuma ya nyumba yake, akanipa kipande cha kulima viazi. Mke wake, wifi yangu, alikuwa na binti mdogo aitwaye Bupe na mtoto mchanga wa kiume. Bupe alinizoea upesi. Nikilima, alikaa kwenye tuta na kunisimulia habari za kuku.

Siku za gulio nilishuka barabarani. Palikuwa na dereva mmoja, Kassim, mtu wa Iringa, aliyepeleka mbao Mbeya. Alikuwa akila uji kwa Mama Luka, kwa hiyo alinijia na salamu zikiwa bado za moto. Perpetua anasema mahindi yamekubali, ila paa linavuja na mume wake anasema eti ni umande. Mama Luka anasema yuko. Kwa Mama Luka hilo ni neno refu. Nami nilituma zangu, na mara nyingine nilifunga viazi au maharage kwenye kitambaa, nikampa Kassim awapelekee. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Mtu aliyefiwa na mume, asiye na mtoto, aliyeachishwa kazi, anaweza kuishi siku nyingi kwa salamu.

Asegelile hakupenda. "Dada," aliniambia, "kazi ilikwisha. Watu wa kazi wa nini tena? Si tupo sisi?"

Nilimwambia, "Mpo. Na wao wapo." Akachukua jembe lake akaenda, lakini haikumtoka moyoni.

Kisha ukaja msimu wa baridi na ukungu, ule unaoingia mpaka kwenye blanketi. Yule mtoto mchanga akashikwa na kifua. Alikohoa, akakataa ziwa, akafa. Tulimzika tukiwa tumelowa. Wifi yangu hakulia kwa sauti. Alikaa akitazama mikono ya watu, mkono wa huyu, mkono wa yule, kama anatafuta kitu alichopoteza. Macho yake yakafika kwenye mikono yangu yakakaa hapo.

Nilijua. Mtu hujua kabla hajaambiwa. Nilipofika mtoni, wanawake walinyamaza, nao walikuwa wakizungumza. Nilipoingia nyumbani kwa mdogo wangu, sufuria ilifunikwa. Bupe akaitwa kila alipokuja kwangu. Nilijiambia ni msiba tu, utapita. Usiku nilikuwa nasikiliza kama nitasikia watu wakilitaja jina langu.

Baada ya muda Bupe naye akaanza kukohoa.

Hapo wifi alinijia kibandani. Alisimama mbali kidogo, amejifunga kaniki kifuani, na aliniuliza kwa sauti ya chini sana.

"Wifi, kule barabarani unampa yule dereva nini?"

"Viazi," nikasema. "Maharage. Na salamu."

"Kwa nani?"

"Kwa wenzangu wa kazini."

"Kazi ilikwisha wifi. Kazi gani hiyo isiyokwisha?" Akakaza fundo la kaniki. "Mlikaa meza moja miaka yote mkila nini? Mtoto wangu amekufa, wewe ukashuka barabarani na kifurushi. Mlikuwa mnagawana nini?"

Ndugu zangu, hapo nilielewa anachosema. Sisi watu wa milimani tunajua habari hizo. Husemwa kwamba wachawi hawali peke yao, wana chama chao, na mmoja akipata nyama huwapelekea wengine walio mbali. Salamu zangu, kitu pekee kilichokuwa kinanipa uhai, zilikuwa zimegeuka kuwa ushahidi.

Nikaacha kwenda barabarani. Siku ya gulio nilimsikia Kassim akipiga honi pale chini, akaipiga tena, akangoja. Nilikaa ndani ya kibanda nimeziba masikio. Niliogopa wakiniona nikishuka, na niliogopa zaidi majina ya wenzangu yasije yakatajwa midomoni mwa watu wale. Gulio lililofuata akapiga tena. Baadaye akawa anapita bila kupiga.

Hofu ni kitu cha ajabu. Inakula na wewe, inaamka na wewe. Nikisikia kikohozi cha Bupe ukutani, nilimwogopea mtoto, na hapo hapo nilijiogopea mimi, nikachukia kwamba naweza kujifikiria wakati mtoto anaumwa. Nilitamani kukimbia. Lakini kukimbia ni kukiri, na ningekimbilia wapi? Na ningemwacha Bupe? Nilipiga magoti nikashindwa kuomba. Maneno yote niliyofundishwa tangu utoto yalinipotea, likabaki moja tu: Bwana, usininyamazie. Bwana, usininyamazie. Mwinjilisti wetu alikuwa amesafiri kwenda Rungwe. Hapakuwa na wa kumwambia.

Ndipo Asegelile alipokuja. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, ndugu wa mke wangu wamemwita mganga. Wameamua unywe mwavi."

Kwa wale wasiojua, mwavi ni gome la mti lililosagwa, linalotiwa maji na kunyweshwa mtu anayeshtakiwa. Serikali ilikwisha kuukataza zamani, lakini boma liko mbali na migomba ni mingi. Husema asiye na hatia hutapika. Nilipokuwa mtoto, alikuwepo mama mmoja kijijini kwetu ambaye hakutapika. Sitawaeleza nilichokiona.

"Ukitapika, mambo yamekwisha," akasema Asegelile.

"Na nisipotapika?"

Alitazama chini. "Mimi sina nguvu juu yao, dada. Mtoto anakufa. Mama yake hanisikii tena."

"Na wewe? Wewe unasemaje?"

Aliondoka hajanijibu. Hilo liliniuma kuliko habari yenyewe.

Siku moja kabla ya siku ya mwavi, mchana, nilikuwa nimekaa nje napukuchua mahindi kwa mikono isiyojua inafanya nini, nikasikia mtu akiita kutoka njiani, "Kamwene!" Hiyo ni salamu ya Wahehe, na sauti ile naijua hata nikiwa kaburini. Perpetua alikuwa anapanda kilima, khanga kichwani, miguu imejaa vumbi, na nyuma yake alikuwa Mama Luka ameshika kikapu.

Mtategemea niseme nilifurahi. Niliogopa zaidi. Niliinuka mahindi yakamwagika, nikawakimbilia, nikawasukuma kwa mikono.

"Nani kawaambia mje? Ondokeni. Ondokeni sasa hivi."

Majirani walikuwa wameshatoka nje. Walikuwa wanatutazama, na niliona wifi amesimama mlangoni kwake, na nilijua kila mmoja anasema moyoni: hao ndio wenyewe, wamekuja.

Mama Luka aliweka kikapu chini. "Nilikosa neno lako," akasema. "Nikamuuliza Kassim. Akasema humtokei. Nikamwambia aulize gulioni. Mwuza mahindi mmoja akamwambia yote."

"Nikapata ujumbe nikiwa kwenye palizi," akasema Perpetua. "Nimeacha jembe limesimama shambani. Mume wangu anafikiri nimepata wazimu. Tumekuja na Kassim, amekwenda kushusha mbao Mbeya, kesho atatungoja barabarani."

Niliwaingiza ndani nikawaeleza kwa kunong'ona. Niliwaambia kuhusu vifurushi na salamu, na kwamba wao ndio wanaodhaniwa kuwa chama changu. "Mkikaa hapa watasema ninyi ndio wenzangu."

Perpetua alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Kwani si ndio?" akasema. "Sisi si wenzako?"

Nikakaa chini nikalia, na nililia jinsi ambavyo sikuwa nimelia tangu mazishi ya mume wangu.

Mama Luka hakukaa na sisi. Alikwenda mpaka mlango wa wifi, ukafungwa mbele yake. Akakaa chini, nje, juu ya udongo, mgongo ukutani. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha nikamsikia akisema kupitia mlango, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Mama, mimi nimezika watoto wawili kwa ugonjwa wa kifua. Hicho kifua nakisikia kutoka hapa. Bado kuna nafasi. Mpeleke hospitali."

Mlango haukufunguliwa. Lakini mtu wa ndani aliacha kutembea tembea.

Tulilala watatu kwenye kitanda kimoja cha mianzi, kama zamani watoto walipojaa chumbani kwa Perpetua na yeye akaja kulala kwangu. Wao walilala. Mimi nilihesabu majogoo.

Asubuhi walikuja kuniita. Walinipeleka ng'ambo ya mto, ndani ya mianzi, ukungu haujainuka. Walikuwepo wazee wa upande wa wifi, na mganga, mtu wa makamo aliyevaa koti la jeshi. Mbele yake palikuwa na chungu na kata ya kibuyu. Asegelile alisimama pembeni, amekunja mikono kama mtu mwenye baridi. Perpetua alinishika kiwiko huku, Mama Luka huku, tukaenda pamoja.

"Aliyeitwa ni mmoja," akasema mganga.

"Tumesikia," akasema Perpetua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akisema polepole. "Lakini mmesema ana wenzake. Mmesema anawapelekea nyama kwa lori. Sasa wenzake ni sisi. Kile alicholeta tulikila sisi, kilikuwa viazi. Huyu amewalaza kwake watoto wangu wakiwa na homa, akawarudisha asubuhi wazima. Kama ana hatia ya chakula kile, na mimi ninayo. Mimina kata tatu."

Watu walinong'ona. Mzee mmoja akasema haya ni mambo ya ukoo, wageni watoke. Mama Luka akamgeukia.

"Baba, sisi hatutoki. Kassim dereva yuko barabarani. Nimemwambia jua likifika utosini hatujatokea, asiende Mafinga. Arudi Mbeya, apitie bomani."

Alisema hivyo bila ukali, kama anayetaja bei ya uji. Niliona wazee wakitazamana. Mganga alianza kusema kwamba dawa yake haifanyi kazi kwa watu wa kabila lingine, kwamba itaharibika, na alikuwa bado anasema hivyo Perpetua alipoinama, akachota, akainua kata mpaka mdomoni.

Niliita jina lake kwa sauti. Sikuweza kusogea. Na ndugu zangu, aliyesogea ni Asegelile. Alimpiga mkono ule kata ikaruka, mwavi ukamwagika kwenye majani, na akakipiga teke kile chungu kikapasuka.

"Basi," akasema. "Basi. Mtoto wangu yuko nyumbani anakufa, na mimi nimesimama hapa natazama watu wakinywa sumu."

Hakuna aliyemzuia. Nafikiri wengi wao walikuwa wanangoja mtu aseme neno hilo, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Mganga alikusanya vitu vyake. Sisi tulikuwa tumeshamfuata Asegelile, tunakimbia, mimi ambaye dakika ile ile nilikuwa siwezi kutembea.

Wifi alikuwa amempakata Bupe. Mtoto alikuwa na midomo ya rangi ya jivu, mbavu zinaingia na kutoka. Mama Luka alinyoosha mikono, na wifi akamtazama, akamtazama mume wake, akampa. Tulishuka kilima. Kassim alipotuona hakuuliza kitu, aligeuza lori. Wifi alikaa mbele na mtoto. Sisi tulikaa nyuma, kwenye lori tupu, kwenye magome ya mbao, na Asegelile alikaa mkabala nami mpaka Mbeya bila kuinua kichwa.

Bupe alipigwa sindano siku nyingi. Kwanza akapata usingizi, kisha akapata jasho, kisha akaomba ndizi. Alipona. Leo ni msichana anayeteka maji na kumjibu mama yake vibaya, namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Wifi hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba aniombe. Alikuwa mama aliyezika mtoto na kumwona wa pili akimfuata. Tukikutana tunasalimiana vizuri, naye huniuliza kuhusu mgongo wangu. Siku ile hatujaizungumzia. Asegelile alikuja hospitalini, akakaa kando yangu kwenye benchi, akasema, "Dada, uliponiuliza mimi nasemaje, nilikuwa sijui." Nikamwambia, "Ulikuja kujua." Tukaishia hapo.

Nilihamia hapa Mafinga kwa Mama Luka. Lakini hofu ilihama na mimi. Hili wengi hawalijui. Kwa muda mrefu sikuweza kunywa kitu nilichopewa na mtu mwingine. Mkinikaribisha chai, niliipoza, nikaimwaga mlipogeuka. Nanyi mlifikiri nina majivuno. Na hapa kanisani, siku za Chakula cha Bwana, nilikuwa nabaki kwenye benchi, kwa sababu kikombe kilipokuwa kinapita mdomo hadi mdomo, mimi nilirudi kwenye ile mianzi.

Nilimwambia Mama Luka kwamba labda Mungu alinitoa kwenye mwavi lakini hakunitoa kwenye hofu. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Alikutoa kwenye mwavi kwa njia gani?"

Nikasema, "Kwa kuwaleta ninyi."

"Basi na huku usiende peke yako," akasema, akaendelea kumenya.

Jumapili iliyofuata alinishika mkono tukaenda mbele wote wawili. Nilipiga magoti nikitetemeka, wale mliokuwa karibu mliona. Kikombe kikaja. Mama Luka akanywa. Kikanijia mimi. Nilifumba macho, na nilichoweza kusema ni neno langu lile lile, Bwana, usininyamazie, nikanywa. Nilibaki nimepiga magoti nikingoja. Hakuna kilichotokea, ndugu zangu. Nilikuwa hai. Nilikuwa nimepiga magoti kati ya watu, koo lina joto kidogo, na mtu alikuwa amenishika mkono. Hofu haikukimbia siku ile kama mbwa aliyepigwa. Ilianza kuondoka, na imekuwa ikiondoka tangu hapo, na siku zinazorudi najua la kufanya.

Kwa hiyo namshukuru Mungu Baba, aliyenisikia nilipokuwa na neno moja tu la kuomba. Namshukuru kwa Kassim, ambaye si wa dini yetu na alingoja. Namshukuru kwa Perpetua, na kwa huyu anayejificha pale nyuma kwenye khanga yake.

Nanyi nawaambieni hivi. Viwanda vinafungwa. Mashine zitaendelea kuja. Wako humu ndani watu wa mbao waliosikia wiki hii kwamba msumeno mpya umefika, nawaona mlivyokaa. Sijui watasoma majina ya nani. Lakini mtegemeeni Bwana, na msifikiri kwamba mtu mliyekaa naye meza moja anakwisha siku mshahara unapokwisha. Kama yupo ambaye umekosa neno lake siku nyingi, usiseme labda yuko salama, angenitafuta. Mimi sikuwatafuta wenzangu. Nilikuwa nimeziba masikio. Nenda ukaulize.

Na kama yupo mtu humu leo anayeogopa kurudi nyumbani kwake, kwa sababu anazozijua yeye na Mungu, asisimame, asinyooshe mkono, asiseme kitu mbele za watu. Ibada ikiisha mimi na Mama Luka tutakuwa pale mlangoni, upande wa kushoto. Aje tu asimame karibu nasi. Tutamsindikiza.